Namba Iliyochomwa Kwenye Kitako

Kilosa,
Jumapili, baada ya ibada

Mjomba,

Shikamoo. Mkono umeandika neno hilo kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuniitikia, nami nimeona si adabu kulifuta.

Ulinizoesha kutoa habari kwa utaratibu: wazima kwanza, wagonjwa baadaye, shida mwisho. Basi, wazima ni wengi. Mkaza mjomba hajambo, isipokuwa miguu. Nyumba uliyopewa tulipohamishiwa kijijini, kando ya barabara ya Mikumi, imeezekwa upya upande ule uliokuwa ukivuja. Nguruwe pori wameingia shamba la kijiji mara mbili tangu tulipokuzika, na walinzi wanawafukuza kwa kupiga madebe, kwa kuwa bunduki yako imo stoo ya polisi hapa Kilosa. Hapo ndipo shida inapoanzia, nayo niliiandika mimi.

Sijui kama uliikumbuka siku ile kama ninavyoikumbuka mimi. Ilikuwa likizo yangu ya kwanza kutoka Chuo Kikuu. Meneja wa shamba la mkonge alikuwa ameondoka nchini, akakuachia bunduki ya marisawa pamoja na barua ya shukrani, kwa kuwa ulilinda maghala yake miaka mingi. Ilibaki kuisajili kwa jina lako. Nilikuwa na kalamu mpya ya wino na hamu kubwa ya kuonekana. Nilijaza fomu ile kwa mwandiko ambao sijawahi kuurudia. Nilipofika mahali pa namba ya silaha, bunduki ilikuwa imetundikwa ukutani, hatua nne kutoka mezani. Sikuinuka, nawe hukuinuka.

"Mia mbili kumi na saba," ulisema. "Nimeibeba miaka yote hii, nisiijue namba yake?"

Kule kambini, kwenye shamba la mkonge, kila kitu kilikuwa na namba iliyochomwa kwenye mbao kwa chuma cha moto: mipini ya majembe, mikokoteni, vitanda, hata mlango wa chumba chako. Kwa sisi wa kambini, namba ya kitu ilikuwa hiyo, na hakuna aliyewahi kutafuta nyingine. Bunduki nayo ilichomwa yake kwenye kitako. Nami niliyekuwa nikirudi kutoka maktaba kubwa kuliko kanisa letu, sikufikiri kwamba kiwanda huchonga namba yake juu ya mtutu, na kwamba serikali huitaka hiyo. Fomu ikapitishwa pamoja na rundo la nyingine, ikagongwa muhuri. Kila mgeni ulimwonyesha cheti na nakala ya fomu. "Mpwa wangu huyu. Tazama herufi zilivyosimama, kama gwaride."

Gwaride lile lilikuangusha, Mjomba. Polisi walipokuja kukagua silaha vijijini, namba ya cheti na namba ya mtutu hazikulingana, wakaichukua. Mimi nilikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Ulikataza nisiandikiwe. Masika yakaanza, mahindi yakabeba, ukaenda kulinda shamba kwa debe na moto wa kuni mbichi, ukarudi na kichomi. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyokuua. Nasema tu kwamba mwenye bunduki hukaa kwenye kibanda, na mwenye debe huzunguka kwenye mvua.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulinikabidhi vitu vyako, kama inavyompasa mtoto wa dada: koti lako la ulinzi, kofia, na cheti cha bunduki ambayo haipo duniani. Ukoo na kamati ya kijiji wamekubaliana silaha ihamishiwe kwa kijiji, apewe mlinzi mpya. Lakini haiwezi kuhamishwa mpaka kosa lirekebishwe, na isipodaiwa kabla ya mavuno itapelekwa Morogoro kuharibiwa. Kazi hiyo nikapewa mimi, kwa kuwa nimepangiwa ofisi ya wilaya hapa hapa, nikiwa bado kwenye majaribio, na jalada la kunithibitisha kazini limo mezani kwa mkuu wangu.

Sajini anayeshughulikia silaha ni mtu mzima, mpole, mwenye karanga mfukoni. Yeye ndiye aliyeniambia jambo ambalo hukutaka nilijue.

"Mzee alikuja hapa mara tatu," alisema. "Nikamwuliza, nani aliyejaza fomu? Akasema, mimi. Nikampa kalamu aandike jina lake tu. Ndugu yangu, nilikula karanga zote hajamaliza. Nikamwambia, mzee, mwandiko huu si wako. Akasema, andika hivyo hivyo, nina basi la kuwahi."

Mjomba, ulijifunza kuandika jina lako kwenye darasa la watu wazima, ukiwa na mvi. Ukaenda kulitumia jina hilo kunifunika.

Sajini alinieleza kwamba marekebisho yanahitaji maelezo ya aliyekosea, na akiwa mtumishi wa serikali nakala huenda kwa mkuu wake. Kisha akaitazama tai yangu. "Marehemu hafukuzwi kazi, Ndugu Ofisa. Andika kwamba alikosea mwenyewe, tumalize."

Kwa wiki tatu nimezunguka na maneno hayo. Nilikwenda kituoni mara nne, nikakuta stoo imefungwa, au mwenye ufunguo yuko Kidete, au muhuri umekwenda Masanze na ofisa mwingine, na kila mara nilirudi nikiwa nimefarijika, jambo ambalo ni aibu kuliandika. Niliandaa hata rasimu: "Marehemu, kwa sababu ya uelewa wake mdogo wa kusoma..." Ilikuwa sentensi nzuri. Ilisimama vizuri. Niliisoma mara ya pili, nikaona ni mwandiko ule ule uliokuwa ukiwaonyesha wageni, nikaichana.

Ijumaa niliandika mistari minane. Kwamba fomu niliijaza mimi, kwamba sikuitazama silaha, kwamba mwenye silaha hakukosa jambo lolote. Nikatia sahihi.

Sajini alisoma polepole, kisha akaileta bunduki, imefungwa kwa kamba ya katani. Akaniambia niisome namba ya mtutu mwenyewe, kwa sauti, niiandike. Ilinichukua muda mfupi kuliko kumenya karanga moja. Alipokuwa akigonga muhuri alisema, "Yule mzee angekuchapa." Hapana. Wewe, Mjomba, ungekuwa unatafuta mgeni wa kumwonyesha mistari ile minane.

Mkuu wangu aliniita jana. Alikuwa na nakala mbele yake. Hakunikaripia. Alisema kuthibitishwa kwangu kutasubiri mwaka mwingine, akarudi kwenye jalada jingine, nami nikasimama pale kidogo kabla ya kufahamu kwamba mazungumzo yamekwisha. Nimechoka, Mjomba. Sijavunjika, nimechoka tu, kama mtu aliyeshusha mzigo na mabega bado hayajaamini.

Jumamosi ijayo nitapanda basi la Mikumi pamoja na mwenyekiti wa kijiji na bunduki. Cheti kilichorekebishwa bado kina jina lako, mpaka uhamisho utakapokamilika, na katika siku hizo chache utakuwa na bunduki halali kabisa, kama ulivyostahili tangu mwanzo. Namba ya kwenye kitako nimemwomba mlinzi mpya asiikwangue.

Kwaheri, Mjomba. Koti lako nalivaa asubuhi za baridi. Ahadi yangu ni ndogo, na nitaitimiza katika kila ofisi watakayonipa, kubwa au ndogo: sitakaa kitini nikaandika kitu nisichokiona. Nitainuka. Zilikuwa hatua nne tu.

Mpwa wako,
Danieli