Sauti ya Kaka Yako na Programu Mbili

Cherehani ya Pili kutoka Mlangoni,
Jengo la Mafundi, Ghorofa ya Kwanza.

Jumanne, 9 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Goti lako linaelewana na hizo ngazi zenu? Sisi wazima. Mama mkwe anakula vizuri, ila tukimpunguzia chumvi ananuna mpaka jioni. Mimi usingizi umerudi. Ni miezi saba sasa tangu kaka yako atutoke, na bado natoa vikombe viwili, halafu kimoja nakirudisha kabatini.

Nina kisa cha simu, na bado kimenikaa kooni.

Unajua kaka yako hakuandika vipimo vya wateja hata siku moja. Alikuwa na pini mdomoni na chaki mkononi, kwa hiyo alikuwa akizitoa pini na kuvisema kwenye simu, katika ile programu ya mafundi nguo. Wateja wote wamo humo kwa sauti yake, na kikohozi chake kati ya kiuno na nyonga. Hadi leo nakata vitambaa huku nikimsikiliza.

Mwezi jana tajiri wa sare anayetupa kazi akatangaza kwamba oda zake zitapitia toleo jipya la programu hiyohiyo. La zamani halizifungui. Na jipya likiingia, linakaa juu ya la zamani na sauti zote zinapotea. Nisipoliweka, sina kazi. Nikiliweka, sina yeye.

Nikashuka kwa fundi simu, yule wanayemwita Injinia. Mungu anisamehe, wifi. Ana vyeti vitatu ukutani, kimoja ni cha kuogelea. Ana kalamu nne mfukoni na hajawahi kumwandikia mtu risiti. Nilimweleza kuhusu sauti za marehemu, nikamwomba aniwekee matoleo yote mawili, kila moja pembeni ya mwenzake. Akacheka huku akimtazama mteja mwingine, kana kwamba mimi ni stuli iliyoongea.

"Mama, hicho kitu hakipo duniani. Simu moja, programu moja. Hayo ya zamani ni takataka, nakusafishia bure."

"Takataka za nani?"

"Si za marehemu? Atazisikilizia wapi?"

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Nilimpokonya simu, mimi ambaye kaka yako alinitania kwamba hata inzi namwomba radhi. Kichwa kikubwa vile, na ndani hakuna hata kipande cha uzi!

Mama wa fotokopi, jirani yake, alikuwa amesikia yote. Akaniita. "Njoo, mwanangu, huyo anajua kubadilisha vioo tu. Simu haitazami sura, inatazama jina la ndani. Majina yakifanana, inadhani ni yuleyule amerudi, inamtoa wa kwanza. Tulipe hili jipya jina jingine." Akalifanya kwenye kompyuta yake, chai yake haijapoa. La zamani hakuligusa. Sasa yako mawili, yamekaa bega kwa bega: la zamani la kaka yako, na jipya tumeliita Sare.

Nilipita kumwonyesha Injinia. Akakohoa, akasema simu italipuka. Leo siku ya kumi na mbili, na kilicholipuka ni kicheko cha mama wa fotokopi. Simchukii. Kumchukia ni kumpa kiti, na mimi sina cha ziada.

Nisalimie shemeji na mapacha, na jirani yako anayefuga njiwa. Mama mkwe anakubusu.

Gauni lako limo ndani ya kifurushi hiki. Sikuwa na vipimo vyako, nikavitafuta humo, na nikavipata: "Mdogo wangu. Bega kumi na tano. Mkono wa kulia ishirini na mbili, wa kushoto ishirini na mbili na nusu. Asiambiwe, atanuna kama mama." Miaka yote hiyo ulijisifu kwamba nguo zake zinakukaa vizuri bila kurekebishwa, kumbe alikuwa akikuongezea kimyakimya.

Nami nimeongeza nusu ileile. Livae, unyooshe mikono yote miwili mbele ya kioo.

Mungu akulinde, na akufikishie mzigo huu salama.

Wako akupendaye, anayeshona kwa sauti ya kaka yako,
Wifi yako