Ijumaa Isiyo na Uji

Mke mwenzangu Zuhura,

Salamu zako zimefika. Babu yako mzima, anagombana na redio tu. Unauliza kama ni vizuri shule yenu kupunguziwa wiki iwe siku nne.

Sie Vingunguti tulishasomaga hivyo, madarasa yakikarabatiwa. Mie nilifurahi, kila Ijumaa mama alinifundisha kupika vitumbua. Ijumaa moja nikamkuta rafiki yangu Mwanaidi kakaa nje ya shule, kashika kikombe kitupu cha uji tuliokuwa tukipewa shuleni.

“Si unajua leo hakuna shule?”

“Najua.”

Nikamsimulia mama. Akaendelea kugeuza vitumbua, kisha akasema, “Kamwite aje anisaidie kila Ijumaa. Mikono haitoshi.”

Jikoni mle tayari tulikuwa mabinti sita.

Bibi yako, Temeke