Dohani ya Baba Mbuke

Febronia, nakuandikia haraka, utingo wa basi la Kahama anasubiri karatasi hii.

Alfajiri, bado giza, nilisikia udongo ukidondoka ndani ya dohani, to, to, juu ya jiko. Halafu likashuka tofali zima.

Nikaogopa kuwasha moto. Kufika saa nne majirani wakaingia na kuni na maji, kanga viunoni. Kumbe wameona nyumba haitoi moshi, wakajua kuna msiba.

Mama Anisia akanishika mkono: "Baba Mbuke amefia machimboni?"

Amefia machimboni. Aliniuliza hivyo hivyo, Febu. Tangu Baba Mbuke aende Geita baada ya mavuno hajatuma hata salamu. Darasa letu la jioni, tulikojifunza kusoma na kuandika, halikutufundisha jibu la hapo. Nikasema, "Dohani imebomoka." Mmoja akacheka, wengine wakatazama chini.

Mzee Jilala, fundi, akaja akapapasa nyufa. "Nikiziba itashika mpaka masika tu. Ya kudumu ni kubomoa, tujenge upya."

Unajua Baba Mbuke aliijenga mwenyewe tulipohamishiwa kijijini, ukamcheka kwa matope usoni. Nikibomoa, watasema nimeshamzika. Nikiziba, masika moshi utatujaa ndani tena.

"Nizibe au nibomoe, Mama Mbuke?"

Wote wananitazama. Nikaanza kufuta udongo juu ya jiko, Febu.

Mwanangu Mbuke alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia fundi, "Babu, bomoa, mama anakohoa."