Alichouliza Wifi

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko makumbusho, wewe na vigae vyako. Sisi tunaendelea hivyo hivyo, ila hali ya wifi yako si nzuri. Wamemrudisha nyumbani. Daktari alinivuta pembeni ya wodi akasema kilichobaki ni dawa ya maumivu na kuwa naye karibu. Nimemhamishia chumba cha mbele, maana dirisha lake linatazama gereji, naye anapenda kuwasikia mafundi wakitaniana.

Sasa sikia balaa nililojitafutia. Kuna mwalimu wa sekondari hapa mtaani, tunamwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake. Amewajaza vijana wangu wa kanisani kwamba Yesu hakuwahi kuishi, eti ni hadithi tu watu walikaa wakaitunga. Akaniomba mdahalo ukumbini, nami kwa kiherehere changu nikakubali. Najua uliacha kusali zamani, na nilikununia sana, lakini katika ukoo huu msomi wa mambo ya kale ni wewe tu. Basi tufanye kama marehemu baba alivyotulea. Si unakumbuka, mkalimani wa mahakama yule, tukibishana mezani anatuamuru tubadilishane viti, kila mmoja atetee upande wa mwenzake? Mimi nitampinga Yesu, wewe umtetee. Usicheke.

Jambo jingine. Jana namgeuza wifi yako ubavu, akaniuliza, "Mume wangu, haya unayohubiri miaka yote, una hakika nayo?" Nikajitia nahangaika na mto. Unajua sisi tuliahidiana siku ya ndoa kwamba hatudanganyani, hata kwa wema. Na ataniuliza tena, namjua yule.

Hoja yangu ya kwanza, mheshimiwa: Yesu alipokuwa hai, hakuna aliyeandika hata mstari mmoja juu yake. Jibu.

Kaka yako

15 Machi

Shikamoo kaka,

Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia meza. Mpe wifi pole zangu zote, umwambie namuwaza kila siku. Nimecheka kweli, nisamehe. Mimi niliyekuwa natoroka Shule ya Jumapili kupitia dirishani, leo ni wakili wa Yesu!

Haya, nimekaa kitini. Kwanza mwulize Kipaza: wakati ule, seremala gani wa kijijini aliandikwa habari zake akiwa hai? Hapa kwenye masanduku yangu nina vyungu vya watu maelfu waliokula, wakaoa, wakafa, na hakuna aliyewaandika. Hatusemi hawakuwepo.

Pili, mpe maadui. Kuna Mrumi mwandishi wa historia, mtu aliyewadharau Wakristo kabisa, lakini anasema huyo Kristo aliuawa kwa amri ya Pilato. Kuna na Myahudi mmoja, naye mwanahistoria, anayetaja kifo cha Yakobo, anamtambulisha kama nduguye Yesu aitwaye Kristo. Kipaza akisema maandishi ya Myahudi huyo yamechakachuliwa, kubali. Kuna sehemu moja ndefu ambayo Wakristo waliokuwa wakinakili kitabu chake walitia mkono wao. Ila hako kamstari ka ndugu, wataalamu wengi wanakaona ka kweli.

Tatu, ndiyo ninayoipenda. Yule mtume aliyewaandikia makanisa barua anasema alikwenda Yerusalemu akakutana na huyo huyo ndugu yake Bwana, uso kwa uso. Kaka, mtu wa kutungwa hana mdogo wake anayepokea wageni. Na msalaba je? Mtu akitaka kutunga mfalme, hatungi aliyetundikwa uchi kama mhalifu mbele ya watu. Hilo walilibeba kwa sababu lilitokea, na liliwaaibisha.

Nenda kamshike.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Nimeshinda! Ungemwona Kipaza nilipofika kwenye ndugu yake Bwana. Alikunja karatasi zake akazitia mfukoni. Mwishowe alikuja mwenyewe kunipa mkono, mtu muungwana kumbe. Vijana walipiga makofi mpaka wifi yako akayasikia kule kitandani.

Nilipoingia akauliza walikuwa wanashangilia nini. Nikamweleza yote, Mrumi, Myahudi, mtume, nikiwa nimesimama kama niko bado ukumbini. Alinisikiliza vizuri sana. Halafu akasema, "Kwa hiyo alikuwepo, na wakamuua. Na baada ya hapo?" Nikamwambia apumzike kwanza.

Mdogo wangu, siyo mchezo tena. Miaka yote nimehubiri Pasaka na sikuwahi kujiuliza najuaje kuwa ni kweli. Sasa nimejifunza kwako kuuliza shahidi ni nani, na siwezi kuacha. Kila nikifungua Maandiko, namsikia baba: huyu ameona mwenyewe au ameambiwa? Naomba usitoke kitini. Litetee lile kaburi tupu. Nipe shahidi mmoja tu asiye mtu wake, nikampe mke wangu. Amekonda, mkono wake unaingia wote ndani ya wangu.

Kaka yako

21 Aprili

Shikamoo kaka,

Natumaini barua hii itamkuta wifi na nafuu kidogo. Mwambie fulana ya sufi aliyonifumia ndiyo niliyovaa sasa hivi.

Nimeandika jibu nikachana, nikaandika tena nikachana. Ningeweza kukupamba maneno, lakini wewe ungenigundua, na wifi angekugundua wewe. Kwa hiyo naondoka kitini, naongea kama mimi. Historia inanifikisha msalabani na hapo inaniacha. Naweza kukuambia kwamba mapema sana wapo watu waliosema wamemwona, na kwamba waliamini kwa dhati, wengine wakavumilia mateso kwa ajili hiyo. Kwamba alifufuka kweli, sina shahidi wa nje. Kila anayesema alimwona ni wa kundi lake, au aligeuka akawa wa kundi lake. Mimi binafsi siamini, unajua.

Wifi ni mtu aliyezoea ukweli kwako. Usimpe pungufu ya hapo.

Nakupenda, kaka.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Rambirambi zako zilifika, na kwenye simu nilikusikia ukilia. Sikuweza kuzungumza, nyumba ilikuwa imejaa watu wananishika mabega. Naandika sasa wamekwenda.

Aliniuliza tena asubuhi moja nikimpa uji. Hakunipa nafasi ya kukwepa, alinishika shati. "Nitakuona tena? Una hakika?" Nikachukua barua yako nikamsomea. Yote, mdogo wangu, na msalaba na lile la kukosa shahidi wa nje. Nikamwambia: alikuwepo, alikufa, zaidi ya hapo sijui, mke wangu, sitaki kukudanganya.

Akasema, "Haya." Akaniomba nifunge dirisha. Hakuwahi hata siku moja kutaka lifungwe. Siku zilizobaki tuliongea habari za maji na maumivu tu. Alikufa mchana, kule gereji wakigonga bodi ya gari, na alikuwa anaogopa. Nilimwona kabisa anaogopa, macho yananitafuta, nami sina kitu cha kumpa.

Mazishini waumini walinitaka nihubiri mimi mwenyewe. Nilisoma maneno ya ufufuo kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Wote wakasema mchungaji ana nguvu.

Kaka yako

11 Juni

Shikamoo kaka yangu,

Sijui nikuulize vipi hali yako. Unakula? Unalala?

Tangu nipate barua yako sijafanya kazi ya maana. Kaka, wifi hakuwa anataka shahidi. Alitaka kusikia sauti yako. Mwanamume mwingine yeyote hapo mtaani, hata fundi wa gereji, angemshika mkewe akamwambia ndiyo, nina hakika, lala. Ni sisi tu, watoto wa mkalimani, tunaoweza kuulizwa swali kama lile na mtu anayekufa tukakimbilia kwa Warumi. Nami ndiye niliyekutuma.

Toka humo ndani. Waachie waumini nyumba yao na kanisa lao, njoo ukae kwangu. Nina chumba, ni kidogo lakini kina jua asubuhi. Hutalazimika kusema lolote mbele ya mtu yeyote. Nakuomba, kaka, nijibu.

Mdogo wako

30 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekawia, usinihesabie. Nashukuru kwa chumba, ila sitakuja. Kazi ninayoijua ni hii moja, na kaburi lake liko hapa.

Ninahubiri kila Jumapili. Kanisa linajaa mpaka wengine wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Wanasema sijawahi kuhubiri hivi, kwamba msiba umenipaka mafuta. Siamini neno hata moja, na sauti haitetemeki. Nikiomba ni kama napiga simu kwenye nyumba iliyohamwa.

Wiki iliyopita niliitwa wodini kwa mama mmoja, mke wa dereva wa lori, hali yake mahututi. Mumewe alikuwa amepiga magoti, kofia mkononi. Yule mama akanitazama akaniuliza, "Mchungaji, una hakika?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Nina hakika kabisa." Lilitoka lenyewe, sikumeza hata mate. Ungeona uso wake ulivyolegea. Alitabasamu, akamshika mumewe mkono, akafa hivyo hivyo, ametulia. Dereva alinikumbatia akanishukuru mpaka nikaona haya.

Leo nimekaa kwenye kitanda cha wifi yako. Nimelisema tena neno lile kwa sauti, humu chumbani, peke yangu. Ni neno jepesi kabisa.

Kaka yako