Swali la Tisa

Nairobi,
6 Februari 1971

Kwa mjomba mpendwa, Mzee Manasseh Ongeri,

Salamu nyingi kutoka huku chuoni. Mimi ni mzima, kifua kimepona. Je, nyumbani hawajambo wote? Chai ilinusurika ile mvua ya mawe?

Mjomba, mwaka huu naandika utafiti wangu wa elimu na sayansi ya jamii. Nimechagua kilima chetu: kwa nini watoto wengi wanaacha shule kabla ya darasa la nne. Nakutumia karatasi kumi na nane, moja kwa kila boma. Tafadhali pita nyumba kwa nyumba, uulize, uandike wanavyojibu. Jeshi lilikufundisha kuandika Kiswahili kilichonyooka, na watu wanakuheshimu. Maswali nimeyatunga mwenyewe. La tisa usiliruke: “Njiani kuna mtu au kitu gani ambacho watoto wanakiogopa?”

Mpwa wako,
Mogaka

Nyamira,
1 Machi 1971

Mpwa wangu Mogaka,

Barua yako ilifika, nikaisoma mara tatu kwa furaha. Sisi wazima, isipokuwa goti langu ambalo halipendi baridi. Wewe unakula vizuri?

Kazi nimemaliza. Kila boma walinipa uji, tumbo likawa kama ngoma. Swali lako la tisa liliwachekesha. Wengi walitaja mto ukifurika. Jirani yangu Ombati alimtaja mbwa wake mwenyewe! Wawili tu walimtaja Mama Mong'ina, yule mjane wa ng'ambo ya mto, kwamba watoto walimwona akiongea peke yake shambani. Nikawaambia, mtu akiishi peke yake mlitaka aongee na nani?

Soma kwa bidii.

Mjomba wako,
Manasseh

Nairobi,
11 Machi 1971

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi sijambo.

Umefanya kazi kubwa. Lakini mto kila mtu anaujua. Hayo ya Mong'ina ndiyo mapya. Naomba urudi kwenye maboma yote kumi na nane, uulize moja kwa moja: “Na Mong'ina je, watoto wanamwogopa? Kwa nini?” Waambie chuo kinataka kujua. Nina haraka, mjomba, usichelewe.

Mpwa wako,
Mogaka

Nyamira,
2 Mei 1971

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Nimerudi kote. Maboma kumi na nane, jibu moja. Wamelisema kwa maneno yaleyale, kama watu wanaokariri aya siku ya Sabato: “Akiwa nyuma yako husikii miguu, unasikia pumzi.” Kuna mtoto wa Ombati ambaye hajavuka mto tangu azaliwe. Naye alisema hivyohivyo, ananitazama bila kupepesa.

Nikamuuliza Ombati, “Mbona mara ya kwanza ulitaja mbwa?”

Akasema, “Mara ya kwanza sikujua kwamba hata Nairobi wanajua.”

Mogaka, juzi nilivuka daraja saa sita mchana, jua linawaka. Nikasikia mtu anapumua kisogoni mwangu. Taratibu, kama mtu asiye na haraka. Niligeuka. Migomba tu, na hata jani halikutikisika. Mimi niliyekwenda vitani na kurudi, nilikimbia na goti langu hili.

Kanisani Mama Mong'ina anakaa benchi nzima peke yake. Ndiye aliyekupokea ulipozaliwa, na nusu ya wanaomkimbia aliwapokea yeye. Nataka kuacha kazi hii. Nifanye nini na hizi karatasi? Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Manasseh

Nairobi,
19 Juni 1971

Mjomba mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza. Sikuwa mgonjwa. Nitakuambia ukweli: barua yako ilinifurahisha. Niliona nimepata jambo ambalo wenzangu hawana, nikakaa wiki sita nikiliandika, na ombi lako la kujibiwa upesi nikaliweka kando.

Jana nilimpelekea mhadhiri wangu. Alisoma, akavua miwani. Akaniuliza, “Huyu mama, kabla hujapeleka karatasi, alikuwa anaogopwa na maboma mangapi?” Nikasema mawili. “Na sasa?” Nikasema yote kumi na nane. Akasema, “Nenda kaandike barua nyumbani. Leo hii.”

Mjomba, choma karatasi zote. Waambie watu swali lilikuwa la kijinga na mwenye kosa ni mimi. Mwangalie Mama Mong'ina, nakuomba.

Mpwa wako,
Mogaka

Nyamira,
10 Julai 1971

Mpwa wangu,

Salamu. Hapa tunapumua.

Karatasi nilizichoma mbele ya watu, nikawapa maneno yako. Walisikiliza kwa adabu. Kisha Ombati akasema, “Wamemwogopa hata huko, ndiyo maana wanachoma.”

Nikaenda kwa Mama Mong'ina. Nyumba imefagiliwa, yeye ameketi mlangoni, mgongo ameubana ukutani. Akasema, “Manasseh, umewauliza wote isipokuwa mimi. Niulize.”

Nilikataa. Akasema, “Niulize!”

Nikamuuliza ni nini anachokiogopa njiani. Akajibu polepole: “Namwogopa Mong'ina. Tangu upite na karatasi zako nikienda kisimani namsikia nyuma yangu. Sigeuki. Nikigeuka nitamwona ana uso gani?”

Mpwa wangu, safari hii sikukimbia. Niliketi naye ukutani hapo mpaka uji ukaiva, tukanywa.

Siku ya nne, asubuhi, tulikuta nyasi kavu zimepangwa kuzunguka nyumba yake, fungu kwa fungu, kwa unadhifu kama kazi ya darasa. Hakuna aliyekuwa amewasha. Bado. Nikamwambia, “Mama, twende.” Nilimbebea blanketi na sufuria zake mpaka Nyamarambe kwa binti yake Bochaberi. Tulipokuwa tukishuka, watu walisimama katikati ya michai pande zote mbili za njia. Hawakutukana. Hawakusalimia. Wote walikuwa wameziba masikio.

Mjomba wako,
Manasseh

Nyamarambe,
28 Agosti 1971

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu. Naandika nikiwa kwenye benchi la duka, hapa sokoni.

Utafiti nimeuondoa, nitaurudia mwaka mwingine, kuhusu jambo jingine. Leo nilikuja kumwomba Mama Mong'ina msamaha. Nilimkuta uani kwa Bochaberi akimenya ndizi. Amekonda, lakini mikono ni ileile. Bochaberi aliposikia jina langu alisimama karibu na mama yake.

Nilisema, “Mama, mimi ni Mogaka. Nimekuja kwako, Mama Mong'ina.”

Alinitazama bila hasira. Akasema, “Umechelewa, mwanangu. Mong'ina alikufa. Tulimzika huko Nyamira, mwezi wa saba.”

Nilimtazama Bochaberi. Akaitikia kwa kichwa.

Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani nikayaacha. Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ndizi, mama na binti wananisubiri. Basi nikavua kofia, nikampa pole kwa msiba. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye leso, akaipokea pole yangu kwa mikono miwili.

Mpwa wako,
Mogaka