Mama na Mashine ya Kuchomea Nyama

Jumamosi, baada ya isha.

Mi fundi wa magari hapa Buyenzi miaka kumi na minane, na leo mashine ya kuchomea nyama imenivua nguo mbele ya wageni wa akika ya mutoto wangu!

Moto ulishika vizuri, halafu ukazimika. Nikamwaga majivu, nikawasha tena. Ukazimika. Nikasema ni umeme. Nikasema ni feni inayopuliza moto. Nikamfokea hata mke wangu, Zaituni, eti amegusa plagi, naye ana siku saba tu tangu ajifungue. Nyama mbichi, shehe anatazama saa yake.

Mwisho nikafungua sanduku la kuni, vile vijiti vya unga wa mbao ulioshindiliwa. Uji mtupu! Vimevimba, vimeikaba skrubu inayovisukuma motoni.

"Nani ametia maji humu?"

"Ni mi," mama yangu akasema, hana hata wasiwasi. "Zilikuwa zinaisha mbio. Makala ya jikoni si tunanyunyizia maji ili yakawie kuungua?"

Nikatupa spana ukutani. Yeye akawasha mbabula yake, kale kajiko ka makala, akamchoma mbuzi mzima, wageni wakamsifu mpaka... basi.

Nina hasira mpaka sasa. Maana asubuhi aliniuliza kama kuni hizi zinatunzwa sawa na makala. Nami, macho kwenye simu, nikamjibu: "Mama, moto ni moto."