Kifua cha Lerionka na Maziwa ya Resiato

Mpendwa mshauri Mama Penina, shikamoo, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho wa barua hii, maana watu wa huku wamekwisha kunicheka vya kutosha. Mimi ni Lerionka wa Sekei, nimejifunza kusoma misheni, na kusema kweli hakuna mwanaume kutoka mlimani mpaka Sombetini mwenye kifua kama changu, sijisifu, hata wasionipenda wanalijua hilo, mikono yangu haipiti tena kwenye shati nililopewa siku ya ubatizo. Mwezi ujao, siku Wadachi wanaposherehekea kuzaliwa kwa Kaizari wao, bwana mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya mlima ameahidi kutoa mtamba kwa kijana mwenye mwili uliojengeka kuliko wote, hatupigani wala hatukimbii, ni kuvua shuka tu, kujipaka mafuta na kukaza misuli, naye anapita na utepe wake akitupima. Bwana huyo ana vyuma vya kunyanyua alivyoleta kutoka kwao, na ana picha ya Mdachi mmoja aliyekauka mwili mpaka kila mshipa unaonekana, na tangu nilipoiona picha ile sijatulia.

Basi nikaanza, asubuhi mawe ya mtoni, jioni vyuma vya bwana, kisha nikakumbuka kwamba sisi Waarusha tuna dawa yetu ya nguvu, olpul, wanaume wa rika moja wanaingia msituni na mnyama wao, wanakaa huko wakila nyama na kunywa supu ya magome mpaka miili ijae. Lakini rika langu nao wanamtaka mtamba huyohuyo, sasa niwalishe ili wanipite? Nikaenda peke yangu na kondoo dume, najua, Mama, najua, kwetu mtu hali nyama peke yake, na rafiki yangu Sironka aliponifuma nina paja mkononi hata hakunisalimu, aliniita fisi akageuka akaenda zake. Sikujali, nikasema mtamba akiingia zizini kwangu watanisalimu wote.

Mwili ukajaa kweli, ila kila nikijitazama kwenye dirisha la kioo la ghala la bwana namwona mtu mwembamba, watu wananiambia Lerionka umekuwa fahali, mimi naona wananidhihaki, narudi tena kwenye vyuma mpaka vidole vinakataa kushika hata kibuyu. Halafu nikawaza, yule wa kwenye picha amekaukaje vile, lazima hanywi maji, basi nikaacha maji nami kwa kujaribu, nikawa navuka mfereji nimegeuza uso pembeni, na ile supu ikanifanya nitetemeke na kukasirika hata kuku akinipita mbele, damu ikanitoka puani, usingizi ukanikimbia, nikisimama naona giza. Juzi mfereji wa ukoo ulibomoka, tukaitwa kuziba, jiwe kubwa likaachwa langu maana nani mwingine, nikaliinua mpaka magotini, miguu ikakakamaa, nikaanguka nalo matopeni, na wanawake wawili wakaniambia nisogee, wakalibeba wao. Kicheko cha siku ile nakisikia mpaka sasa.

Lakini kubwa linalonifanya niandike ni mke wangu Namnyaki, ameondoka na binti yetu Resiato, ambaye hata kutembea bado, amerudi kwao Sombetini. Kisa ni maziwa, tuna ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa na mwili huu haujengwi kwa uji, nikawa nakunywa yote, siku hiyo Namnyaki alikuwa amemfichia mtoto kibuyu chake kidogo, nikakiona, nikakinywa nacho, aliponiuliza nikamsukuma akaanguka na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia. Namnyaki alijifunga shuka yake akatoka.

Mama, naomba unipe dawa ya kuzuia kutetemeka mpaka siku ya shindano, maana kushinda nitashinda, hilo sina shaka nalo, na mtamba huyo ndiye atakayemrudisha Namnyaki, nyumbani maziwa yatakuwa ya kumwaga. Na je, nikimpelekea habari, atakuja kunitazama?

Ni mimi Lerionka, Sekei.

*

Marahaba, mwanangu Lerionka. Barua yako ilipofika sikungoja gazeti lichapwe. Nilimwomba jirani yangu Mikaeli, aliyekuwa anakuja huko kwenu, akupe neno moja tu: kunywa maji. Amerudi ananiambia ulikunywa, lakini kwanza ulimuuliza kama maji yanapunguza misuli. Lo! Hayapunguzi. Haya, mengine yasome hapa, na vijana wanaokuiga wayasome pia.

Kujenga mwili si kosa. Kaka zangu walikuwa na vifua vya kutazamwa, na mimi dada yao nilikuwa naringa nikipita nao. Mwanaume akitaka kujipaka mafuta asimame juani apimwe, mimi ni nani nimzuie? Tena kifua chako nimekisadiki, umekisema vizuri. Lakini mwili unaotoka damu puani, unaokosa usingizi, unaoanguka na jiwe mbele ya ukoo mzima, huo haujajengeka, umeumia. Na jicho linaloona mwembamba pale watu wote wanapoona fahali, nalo linaumwa. Usiliulize tena kitu, na pale kwenye dirisha la ghala usipite kabisa.

Kuhusu Namnyaki sitakubembeleza. Unaniandikia kwamba mtoto hakuumia. Umejuaje? Ulimwangalia, au ulikuwa unajifuta maziwa mdomoni? Usiisingizie supu ya magome, mkono uliosukuma ni wako, na kibuyu ulichokinywa kilikuwa cha mtoto mchanga. Nimekasirika sana, na nakuambia wazi ili ujue.

Sasa hili la mtamba. Nililisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Lerionka! Mwarusha mzima, umekulia zizini, tangu lini mtamba akakamuliwa? Mpaka apandwe, abebe mimba, azae, Resiato atakuwa anakimbia huku na huku na meno yake yote kinywani. Mfugaji akifika mahali pa kusahau jambo kama hilo, taabu yake si kutetemeka tu. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kuliko pale pa damu. Ng'ombe wa kumlisha mwanao unaye tayari, Lerionka, ila maziwa yake umeyanywa wewe.

Supu hiyo imwage leo. Kula ndizi, kula maharage, kunywa maji kila ukisikia kiu, ulale. Vyuma viache mpaka utakapoweza kusimama bila kuona giza, na damu ikirudi au mkojo ukibadilika rangi, nenda misheni ukatibiwe, usione haya. Kisha mtafute Sironka. Usijieleze sana, mwambie ulikula peke yako na umekosa, halafu toa mnyama, waite rika lako mkale pamoja kama inavyotakiwa. Wakikupita kifua, wakupite. Na kwenye shindano nenda ukitaka, sikukatazi, ila uende umeshiba, umekunywa maji, na una marafiki wa kukushangilia.

Hayo ni ya baadaye. La kwanza ni la kesho asubuhi. Kamua ng'ombe, usionje hata tone, jaza kile kibuyu kidogo cha Resiato, ushuke nacho Sombetini kwa miguu yako. Mama mkwe wako hutamsogelea, heshima ya kwenu unaijua, basi simama nje ya boma umtume mtu akamwite Namnyaki. Akitoka, omba msamaha kwa maneno machache, mpe kibuyu, urudi nyumbani. Habari za vyuma na za yule Mdachi wa kwenye picha usimgusie. Asipotoka, mpe aliyeko pale kibuyu akipeleke ndani, nawe urudi vilevile bila kununa. Kesho yake uende tena. Yeye kurudi nyumbani kwako ni shauri lake, usimpangie siku.

Umeniuliza kama atakuja kukutazama. Sijui, na wala si yeye wa kumuulizia. Yupo mwingine mgongoni kwake, na huyo anachojua kuhusu baba yake ni kitu kimoja tu: kibuyu kilikuwa na maziwa, baba akaja, kikawa kitupu. Kipeleke kimejaa.